Kinanda cha Mzee na Betri ya Saa

Maneno ya mwanachama wetu, fundi wa vinanda, kwenye mkutano wa mwaka wa wana-Tanga waishio Dar es Salaam. Yamechapwa hapa kwa ombi la wanachama.

   

Katibu aliponipigia simu kuniomba nizungumze leo, nilimwambia amekosea namba. Kwenye mikutano yetu wanazungumza madaktari, wahandisi na waheshimiwa. Mimi nakaa kwenye kibanda Kariakoo, natengeneza vinanda, amplifaya na spika, na hata nikioga mara mbili bado nanuka risasi iliyoyeyuka. Katibu akanijibu, "Ndiyo maana tunakutaka wewe. Mwaka huu tunachangia meza ya ufundi kwenye chuo chetu cha nyumbani. Hatutaki kuhubiriwa ufundi na mtu asiyeshika bisibisi."

Basi nimekuja na bisibisi yangu. Nitazungumza juu ya vinanda vya zamani vya umeme, na watu wanaovipenda, na kosa moja nililolifanya ambalo halijaniacha mpaka leo. Mwisho nitaomba hela. Nasema mapema ili asije mtu akadai nimemvizia.

Wengi wenu mnakijua kinanda kwa sura. Mmekiona kanisani, mmekiona kwenye taarabu, mmekiona harusini kimewekwa juu ya miguu ya chuma, mpigaji kavaa miwani myeusi usiku. Lakini kile kinachoitwa sintesaiza si piano, maana ndani hakina nyuzi. Si kinanda cha upepo, maana hakina mabomba. Ukikifungua hukuti ngozi wala mbao inayolia. Kuna umeme tu. Umeme unatikiswa kwa kasi fulani, ukifika kwenye spika unatikisa hewa, na sikio linasema hii ni sauti. Ukiutikisa mara 440 kwa sekunde unapata ile noti ambayo wapiga fidla wengi duniani hulinganishia nyuzi zao. Mpigaji anaichukua sauti hiyo mbichi, anaichuja, anaikata, anaipa mwanzo mkali kama ngoma au mwanzo wa polepole kama mtu anayevuta pumzi. Kwa hiyo mpigaji wa sintesaiza anafanya kazi mbili. Anapiga chombo, na kabla ya hapo amekitengeneza chombo chenyewe.

Kazi hii aliifungulia njia mhandisi wa Kimarekani, Robert Moog, mwaka 1964. Mitambo yake ya kwanza ilikuwa kama kabati la nguo, imejaa nyaya mbele kama mbuga yenye nyoka. Mwaka 1970 kikatoka kidogo cha kubebeka, Minimoog. Kilitoa noti moja tu kwa wakati mmoja, kama filimbi, lakini noti ile moja ilikuwa na uzito ambao watu bado wanautafuta. Mwaka 1983 kampuni ya Yamaha ya Japani ikatoa kinanda kilichoitwa DX7. Njia yake ya kutengeneza sauti, ya kulifanya wimbi moja litikise jingine, ilikuwa imegunduliwa na John Chowning, mtu wa Chuo Kikuu cha Stanford. DX7 iliweza kutoa noti 16 kwa mara moja, ilitunza sauti 32 kichwani mwake, na iliuzwa zaidi ya laki moja na nusu duniani. Mkisikia nyimbo za Ulaya na Marekani za miaka ile, zile kengele na piano zenye kung'aa kama maji juani, mara nyingi ni hiyo.

Mwaka huohuo wa 1983 kulitokea jambo ambalo mkutano kama huu unapaswa kulijua. Kampuni za Japani na Marekani zilizokuwa zinagombania wateja zilikubaliana kutumia waya wa aina moja na lugha moja ya kuunganishia vinanda, inaitwa MIDI. Iliachwa huru, kila kampuni itumie bila kulipia. Ndiyo maana leo kinanda cha miaka arobaini iliyopita unaweza kukiunganisha na kompyuta mpya, vikaelewana. Wapinzani walikaa meza moja wakakubaliana kitu kikawa cha wote. Sisi wa ukoo mmoja tunashindwa kukubaliana tarehe ya kikao.

Sasa turudi kwetu. Tanga hatukungoja kufundishwa kuchanganya umeme na muziki. Wazee walioko hapa wanazikumbuka Black Star na Lucky Star, na sauti ya Bi Shakila. Wakati taarabu nyingine ilisimama juu ya fidla, ganuni na udi, vijana wa Tanga waliingiza magitaa ya umeme, na watu wakacheza. Miaka ya 1990 mambo yakageuka tena. Taarabu ya kisasa ilipopamba moto, pamoja na mipasho yake ya Muungano na TOT, kinanda kikachukua kiti cha mbele. Kilipiga fidla, kilipiga akodiani, kilipiga nai, na bendi ya watu ishirini ikaweza kusafiri ndani ya gari moja. Wapo waliolalamika, na nawaelewa. Lakini pia ni kweli kwamba mji mdogo usioweza kulisha wapiga fidla wanane uliweza kumpata mtu mmoja mwenye kinanda, harusi ikawa na muziki wake. Vijana wa Manzese na Tandale walipoanzisha singeli, walianza kwa kuchukua vipande vya taarabu hiyohiyo ya vinanda na kuviendesha mbio.

Vinanda vile vilitufikiaje? Wachache walinunua vipya. Vingi vilikuja vimetumika, vingine kutoka Dubai kwa ndugu zetu, vingine kutoka Japani ndani ya makontena ya mitumba. Na hapa ndipo fundi anapopata mkate wake. Umeme wa Japani ni volti 100, wa kwetu ni 230. Mtu ananunua kinanda kizuri, anafika nyumbani kwa furaha, anakichomeka ukutani moja kwa moja, na baada ya dakika chache chumba kinanuka. Wangapi wamenijia na kinanda wamekibeba kama maiti ya mtoto! Nawaambia, poleni, mmeunguza transfoma, ombeni Mungu iwe ni hiyo peke yake.

Wakati sisi tunahangaika kuviweka hai vile tulivyonavyo, kule vilikotoka vilianza kutupwa. Ndivyo dunia ilivyo, kipya kikija cha jana kinakuwa takataka. Kampuni ya Roland ilitoa kashine kadogo ka besi kanakoitwa TB-303, ili mpiga gitaa asiye na mwenzake apate wa kumpigia besi. Kalishindwa sokoni, na mwaka 1984 kampuni ikaacha kukatengeneza. Vikauzwa kwa bei ya kutupa. Vijana weusi wa Chicago, wasio na hela ya vyombo vya maana, wakavinunua, wakazungusha vifundo jinsi ambavyo kitabu cha maelekezo hakikusema, na mwaka 1987 kundi la Phuture likatoa santuri iliyoanzisha muziki mpya kabisa wa dansi. Leo kidude kile kilichoshindwa kinauzwa kwa hela ambayo kwetu unanunua kiwanja. Mashine ya ngoma ya kampuni hiyohiyo, TR-808, ndiyo mnayoisikia kwenye ule wimbo wa Marvin Gaye uliovuma mwaka 1982. Nayo iliacha kutengenezwa mapema, na leo milio yake imo kwenye nusu ya nyimbo ambazo wajukuu zenu wanawapigia kelele.

Wapo watu sasa, Ulaya, Marekani na Japani, ambao maisha yao ya jioni ni vinanda hivi. Mwingine ni mwalimu, mwingine dereva wa treni, akitoka kazini anashuka chini ya nyumba yake kwenye vinanda kumi na viwili. Uswisi, kwenye mji wa Fribourg, kuna nyumba nzima iliyojaa maelfu ya vyombo vya namna hii, na wageni wanaruhusiwa kuvipiga. Zamani nilikuwa nawacheka. Nikasema hawa wana hela na hawana watoto. Siku hizi siwacheki, kwa sababu nimeona wanachokifanya.

Kuna kinanda kinaitwa Juno-106, cha mwaka 1984. Ndani kina chipu sita za sauti ambazo kiwandani zilifunikwa kwa utomvu mgumu mweusi. Miaka ikipita chipu zinaanza kufa moja moja. Ukibonyeza, noti tano zinalia na ya sita inakohoa au inanyamaza. Kampuni haitengenezi tena chipu hizo. Fundi wa kawaida angesema basi, kimekwisha. Lakini wapenzi wa vinanda hivyo waligundua kwamba ubaya mara nyingi uko kwenye ule utomvu. Waking'oa chipu na kuziloweka kwenye asetoni, ile dawa ambayo dada zetu wanaondolea rangi ya kucha, utomvu unalainika, unabanduka, na chipu nyingi zinafufuka. Yule wa kwanza aliyelijua jambo hili angeweza kulificha, akawa tajiri wa mtaa wake. Waliambizana. Mimi nimeshafufua Juno mbili Kariakoo kwa chupa ya dawa ya kucha, na dada wa saluni jirani mpaka leo anadhani nina mke wa pili.

Wanachora upya ramani za saketi zilizopotea. Wanatengeneza vifundo na vitufe ambavyo kiwanda hakina. Wanaandika kila ugonjwa na dawa yake. Kwa hiyo wanachotunza si mashine peke yake. Wanatunza ujuzi wa mashine, na bila huo mashine ni sanduku.

Ngoja niwape mfano mmoja wa Afrika. Hailu Mergia wa Ethiopia alikuwa mpiga kinanda maarufu Addis Ababa, kwenye bendi ya Walias. Alikwenda Marekani na bendi yake mwanzoni mwa miaka ya 1980, akabaki huko. Mwaka 1985 alirekodi peke yake kanda moja, akachanganya akodiani aliyoipenda utotoni na vinanda vya umeme, DX7 ikiwa mojawapo. Kisha dunia ikamsahau. Akawa dereva wa teksi Washington kwa miaka mingi, kinanda kimo kwenye buti la gari, akisubiri abiria uwanja wa ndege anakitoa anapiga. Mpenzi mmoja wa kanda za Afrika aliikuta ile kanda, akamtafuta, na mwaka 2013 ikatolewa upya. Mzee akarudi jukwaani. Nawaambieni hili kwa sababu mbili tu zilifanya iwezekane. Kanda ilikuwa bado ipo, na mtu fulani aliona ina thamani.

Sasa naingia kwenye kosa langu.

Kulikuwa na mzee mmoja wa kwetu, sitamtaja jina, familia yake wengine wako humu ndani. Alipiga harusi Ngamiani, Makorora, Chumbageni, mpaka Pangani na Muheza. Alikuwa na DX7. Mimi nikiwa mtoto nilikuwa nakaa nyuma ya spika zake nimwone anavyobonyeza. Yule mzee hakuridhika na sauti za kiwandani. Alisema nai yao haina pumzi na ganuni yao ina baridi. Usiku, watu wamelala, alikaa na vile vitufe akitafuta. Ilimchukua miaka. Mwishowe alikuwa na nai yake, ganuni yake, na sauti moja ambayo watu waliiita mvua ya Usambara, alipoianza tu akina mama wanasimama. Hazikuwapo mahali pengine popote duniani, ila ndani ya kinanda kile.

DX7 ina siri moja. Kumbukumbu yake inashikiliwa na betri bapa, kama ile ya saa ila kubwa kidogo, imelehemewa ndani ambako mtumiaji haioni. Inadumu miaka mingi, lakini si milele. Ikifa, au ukiitoa, sauti zote 32 zinafutika. Za kiwandani zinarudishwa, zimejaa kila mahali. Zako mwenyewe hazirudi.

Mzee alipofariki, mwanawe akaniletea kinanda Kariakoo. Akasema kinafanya kazi ila kiangalie tu, tunataka kukitunza. Mimi nikiwa kijana, fundi mpya, mwenye haraka na sifa, nikakifungua. Nikaona betri ya zamani. Nikasema hii nitawabadilishia bure, thawabu ya mzee. Nikailehemua, nikaweka mpya. Nikakiwasha. Nikabonyeza ilipokuwa ile nai.

Kikatoa mlio kama bati linakwaruzwa.

Nikabonyeza zote, moja mpaka thelathini na mbili. Jasho likanitoka. Sikujua kwamba ilitakiwa kwanza kuzihamisha. Kazi yenyewe ni ya dakika tano. Unachomeka waya wa MIDI, unazituma kwenye kompyuta, au unazitunza kwenye kadi yake maalumu, ndipo unagusa betri. Kinanda chenyewe kina sehemu ya kukuonyesha nguvu ya betri iliyobaki. Kila mpenzi wa vinanda kule Fribourg anajua. Mimi nilijua kulehemu, sikujua hilo. Hakuna aliyenifundisha, na sikuwa na wa kumuuliza.

Nilimwambia mwanawe ukweli. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kaka, hukukusudia." Hakunidai. Ningependa angenidai. Mama yake aliniuliza swali moja tu, kama kwenye kanda za harusi sauti zile zimo. Zimo, mama, lakini chini ya vigelegele na chini ya mtangazaji anayetaja waliotunza. Kuzisikia tunaweza. Kuzipiga tena hatuwezi.

Ndugu zangu, watu wakisema urithi wetu unapotea, huwa tunafikiria moto, mafuriko, wezi. Mimi nimeona urithi ukipotea kwa mkono wa fundi aliyependa kazi yake, kwa sababu ya kutojua jambo la dakika tano. Ndiyo sababu nimesimama hapa.

Kabla sijaomba, yachukueni haya machache nyumbani, hayana gharama. Kama una kinanda cha zamani, cha marehemu baba au cha kwaya ya parokia, usikichomeke kabla ya kusoma volti mgongoni. Kikisema 100, tafuta kipunguza umeme. Kifunike kwa kitambaa, kwa sababu hewa ya chumvi ya pwani yetu inakula shaba na mende wanapenda joto la ndani. Usikiache juani, vitufe vinapinda. Vinanda vingine vya miaka ya 1980, kama Polysix ya Korg, vina betri ya kuchaji ambayo ikizeeka inavuja na kuitafuna saketi, kwa hiyo hata kama hukitumii kipeleke kifunguliwe. Na kwa yeyote utakayempelekea, muulize kwanza, "Sauti zilizomo utazitunza vipi?" Akikuduwalia, chukua kinanda chako uondoke. Hata akiwa mimi.

Sasa ombi. Chuo chetu cha ufundi nyumbani kina darasa la umeme wa majumbani, vijana wanafunga nyaya na soketi, ni kazi nzuri. Lakini hakuna meza hata moja ya vyombo vya elektroniki. Kijana wa Tanga akitaka kujifunza kufungua redio, kinanda au amplifaya, inabidi aje kukaa miguuni pa fundi kama mimi Kariakoo, alale kwa mjomba miaka mitatu, ajifunze na makosa yangu yote. Tunaomba meza sita, pasi za kulehemu, mita za kupimia, osiloskopu moja, kompyuta mbili, na kipunguza umeme. Orodha na bei anayo Mweka Hazina, na yeyote anaruhusiwa kuikagua. Mwalimu yupo. Na mimi nimeahidi mbele ya kamati kwenda wiki mbili kila mwaka, nauli juu yangu.

Somo la kwanza nitakalofundisha nimeshaliandika. Halihusu kulehemu. Linahusu kuuliza ndani ya chombo hiki kuna kazi ya nani, na kuitunza kabla ya kugusa kitu. Kijana akilijua hilo, atatengeneza simu, atatengeneza mashine ya hospitali, na siku akiletewa kinanda cha mzee wa Muheza hatakifuta.

Yule mwanawe mzee, mwaka jana, alinipigia. Kile kinanda ametoa kiende chuoni, kiwe cha kwanza kwenye meza ya kwanza. Ndani yake sasa hivi kuna sauti za kiwandani tu. Kuna nafasi 32. Nani ajuaye, huenda kuna binti Makorora ambaye ataitafuta mvua ya Usambara upya, ya kwake, na safari hii atakuwapo mtu wa kuitunza.

Ndugu Mwenyekiti, mimi naanza na shilingi laki tano, nazikabidhi sasa hivi, taslimu. Zinanuka risasi kidogo lakini benki wanazipokea.